Cheti cha Kushindwa: Barua ya Wazi kwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa la Kata

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe.

YAH: CHETI CHA KUSHINDWA KUSULUHISHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tanzania Bara, talaka hutolewa na mahakama, lakini mlango wa mahakama haufunguki mpaka Baraza lishindwe kwanza. Ndivyo ilivyopangwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971: kifungu cha 101 kinazuia ombi la talaka hadi mgogoro ufikishwe barazani, na Baraza lithibitishe kwamba usuluhishi umegonga mwamba. Ofisi nyingine za umma zikishindwa huunda kamati au huilaumu mvua. Baraza limetunukiwa heshima ya kukiri kwa maandishi na kugonga mhuri juu yake.

Kikao huhitaji mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kwa kuwa misiba haiishi, kuwapata watatu kwa siku moja ni kazi. Wanandoa husubiri nje ya ofisi ya kata kwenye benchi moja, maana benchi lenyewe ni hilo hilo: mke ncha hii, mume ncha ile, katikati mfuko wenye cheti cha ndoa. Saa sita mchana mume hutoka kununua maji, akarudi na chupa mbili. Huenda hiyo ndiyo mbinu ya usuluhishi, ingawa sheria haikuitaja. Ndani, ushauri ni ule ule wa siku zote: mke avumilie, mume apunguze. Apunguze nini, daftari la kumbukumbu halisemi.

Baraza likishindwa, hutoa cheti chenye maelezo ya lilichobaini. Kipande cha karatasi kinachosema "waendelee mbele" si cheti. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa kasoro ya aina hiyo, na watu waliokwisha kugawana vyombo wakajikuta ni mke na mume tena. Kwa hiyo mwenyekiti anayeupulizia pumzi mhuri uliokauka wino ameshika ndoa ya watu mkononi. Aidha, cheti kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa. Kushindwa nako huchacha.

Wapo wanaosamehewa hatua hii: aliyetelekezwa na mwenzi asiyejulikana aliko, ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hatazamiwi kurudi ndani ya miezi sita, au ambaye mwenzake amefungwa miaka mitano na kuendelea. Mwenzi aliyeitwa barazani akakaidi kwa makusudi naye hawezi kumkwamisha mwombaji. Ndoa isiyotimiza miaka miwili haiombewi talaka bila kibali cha mahakama.

Talaka aliyotamka mume wa Kiislamu sebuleni haimalizi mambo mbele ya sheria hii. Baraza kwanza lithibitishe kushindwa, kisha tendo la kuvunja ndoa kwa mujibu wa dini lifanyike, ndipo mahakama itoe amri.

Ombi hufunguliwa kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Huko kinachothibitishwa ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ushahidi unaweza kuwa uzinzi, ukatili au kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu. Mahakama hugawa pia mali zilizochumwa kwa nguvu za pamoja. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali hizo. Bi. Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa fedha alizokwisha kupewa na mumewe alionekana kuzifuja. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu.

Mtoto chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vingine. Asiyeridhika na hukumu ana siku 45 za kukata rufaa. Nakala ya amri hupelekwa kwa Msajili, na talaka huingizwa kwenye rejista.

Nakala:
Mahakama ya Mwanzo – kwa hatua
Msajili – kwa kumbukumbu
Mshenga – kwa taarifa tu, mahari hairudishwi kupitia ofisi hii