Namna ya Kuwafundisha Akina Mama Kukausha Mahindi Bila Kuwalaza Usingizi

Kama umekabidhiwa fedha za kuandaa mafunzo ya sumukuvu, yaani sumu ya kuvu kwenye nafaka, kwa akina mama wakulima wa Chemba, Kondoa au Kiteto, hongera sana. Sasa weka kalamu chini. Najua mkono unawasha kuandika: saa 2:00 usajili, saa 3:00 utambulisho, saa 4:00 chai na sambusa, saa 4:30 ufunguzi rasmi. Ratiba hiyo imeshaandikwa mara nyingi mno nchini, na mahindi yameendelea kuota ukungu wala hayajapata habari kwamba kulikuwa na semina.

Uliyopewa ni kazi ya uhai. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 20 kati yao wakafa. Wenzetu wa Kenya walishapata pigo kubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, waliokufa 125. Chanzo kilikuwa ugali wa kila siku. Sumu hii haionekani kwa macho na haiishi kwa kupikwa, na anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hujiwekea hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mafunzo haya ni ya kumalizia bajeti kabla mwaka wa fedha haujafungwa, mwondoe kwenye kamati.

Anza kwa kumjua unayemfundisha. Andiko la mradi litakuambia walengwa ni "wakulima wadogo 500 wenye uelewa mdogo". Nenda kijijini ukamtafute huyo mkulima mdogo mwenye uelewa mdogo, utarudi bila kumwona. Utakayemkuta ni mama wa miaka hamsini na kitu aliyelima mahindi tangu utotoni, anayejua shamba lipi linashika maji na mbegu ipi hubunguliwa upesi. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini jambo zito analijadili kwa Kirangi, Kisandawe au Kigogo. Kusoma anasoma, polepole, miwani ikiwepo. Asubuhi yuko shambani, mchana yuko kisimani, jioni yuko jikoni. Ukimwita saa 2 asubuhi ukumbini, atakuja kwa heshima yako, na akili ataiacha kwenye ndoo.

Muulize maswali ambayo majibu yake huna. Nani anashika ufunguo wa ghala? Nani anaamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki? Mwaka jana ulivuna mahindi yakiwa mabichi kidogo, kwa nini? Hapo ndipo utasikia mambo ambayo hayamo kwenye andiko. Atakuambia ng'ombe wa jirani wanaingia shambani. Atakuambia wezi. Atakuambia ada ya mtoto ilidaiwa, na mnunuzi alikuwa amesimama mlangoni na mzani wake. Mnunuzi anayelipa kwa kilo bila kupima unyevu anamlipa mkulima kwa maji, na anayekausha vizuri anabaki na uzito mdogo. Mkufunzi asiyelijua hilo atakuwa anamwambia mama apoteze fedha kwa hiari, na mama atatikisa kichwa kwa adabu, halafu ataendelea na maisha yake. Mfundishe basi kutenganisha magunia: lile la kula nyumbani lina sheria zake, na halijadiliwi na mnunuzi yeyote.

Kongwa, hapo hapo Dodoma, pana kumbukumbu ya watu waliokuja na jibu kabla ya swali. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta walime karanga nyika nzima. Mvua za pale hawakuzijua, na udongo wake wa mfinyanzi hukauka kiangazi ukawa mgumu kiasi cha kuharibu zana. Mwaka 1951 mpango uliachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Wagogo walikuwa wameishi na mvua zile kwa vizazi. Kuwauliza kusingegharimu hata lita moja ya dizeli.

Ukishawasikiliza, punguza. Hapa ndipo wataalamu tunapougua. Mtu amesoma miaka kadhaa Chuo Kikuu cha Sokoine, anataka yote yatoke kwa siku mbili: historia ya kuvu, jina lake la Kilatini, sura ya molekuli, viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mchoro wenye mishale inayozunguka hadi inarudi ilikotoka. Kilatini kibaki chuoni, kinapendwa huko. Andika tu vitenzi vitatu ambavyo mama atavifanya kwa mikono yake: kuanika juu ya turubai, kupima ukavu, kuchambua. Jambo lolote usiloweza kuliweka chini ya kimojawapo, litoe. Na likiwa linakuuma sana kulitoa, liandikie makala.

Kuanika kunafundishwa kwa kuanika. Tandika turubai, mwaga mahindi kwa kina kisichozidi vidole vitatu, geuza kila mara, funika jua likizama ili umande usirudishe maji uliyoyatoa. Ardhi tupu huleta vumbi lenye kuvu na unyevu wa chini. Kupura kwa kupiga gunia fimbo huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wazi. Haya yote mama atayaona na kuyashika kabla hujafungua mdomo kuyaeleza, ukiweka mahindi yaliyopurwa kwa fimbo kwenye ungo mmoja na yaliyopukuchuliwa kwa mkono kwenye ungo wa pili, ukamwachia atazame.

Kwenye kupima, usiwe na haraka, maana hapa ndipo mafunzo yanaposimama au kuanguka. Akina mama wana kipimo chao tayari: jino. Punje inang'atwa, ikilia "ko" imekauka, ikibonyea bado. Usikicheke kipimo hicho. Kianzie. Waambie, "Haya mama zangu, ng'ateni kila mtu punje yake, mniambie." Watang'ata, watabishana, mmoja atasema yamekauka, mwingine atasema bado siku mbili. Sasa leta chupa ya kioo yenye mfuniko, iliyooshwa na kukauka kabisa, na chumvi laini iliyoanikwa juani au kukaangwa kidogo ili isiwe na unyevu wake yenyewe. Tia chumvi kiasi, ongeza mahindi mpaka chupa ifike kama theluthi, funga, mpe yule mwenye shaka zaidi aitikise kwa dakika moja. Kisha mahindi yaachwe yatulie kwa robo saa, na nyinyi mnyamaze au mzungumze habari za mvua. Chumvi ikiwa imeng'ang'ania ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 hivi, hayafai kufungiwa. Chumvi ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, yako chini ya hapo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, kwa hiyo chumvi ikishadondoka, ongeza jua lingine kabla ya kufunga gunia.

Tazama nyuso zao wakati jino limesema ndiyo na chumvi imesema hapana. Hakuna slaidi duniani inayoweza kukupa dakika hiyo. Wataikamata chupa, wataigeuza, watarudia kwa mahindi ya jirani, watataka kujua kama chumvi ya mawe inafaa, na bibi mmoja atasema kwamba meno yake siku hizi ni machache na hii itamfaa. Ukiona hivyo kaa kimya. Mafunzo yanaendelea bila wewe.

Kuchambua kuna swali moja gumu ambalo waandaaji wengi hulikwepa: mabovu yanakwenda wapi? Mama akishatoa punje zilizobadilika rangi, zilizobunguliwa na zilizovunjika, mara nyingi huwapa kuku, au hupikia pombe, au husaga dona mwaka ukiwa mbaya. Sumu haiondoki kwa kubadili chombo. Ng'ombe akila, sehemu yake hutoka kwenye maziwa anayokunywa mtoto. Sema hayo waziwazi, na useme pia kwamba kukoboa hupunguza sumu nyingi, kwa kuwa hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na dona hubaki navyo. Na usimdanganye mtu kwamba mahindi yaliyoingia kuvu shambani wakati wa ukame yatasafishwa na jua. Kukausha huzuia sumu isizidi. Iliyokwishaingia haitoki. Mama aliyekabidhiwa ukweli huu ataamua vizuri kuliko aliyepewa matumaini ya uongo.

Sasa mahali na wakati. Achana na hoteli ya mjini, pamoja na uzuri wa viyoyozi vyake. Akina mama hukutana kila wiki kwenye VICOBA, vikundi vyao vya kuweka na kukopa, wana mwenyekiti, wana mweka hazina, wana faini kwa anayechelewa, jambo ambalo semina zetu hazijawahi kuwa nalo. Omba nusu saa yao baada ya hisa kuhesabiwa. Nusu saa kila wiki kwa wiki kadhaa hushinda mafunzo ya siku mbili mfululizo, kwa sababu kati ya wiki na wiki mtu anakwenda nyumbani, anajaribu, anashindwa, anarudi na swali.

Wala hili si jipya kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Walisikiliza, wakasoma vijitabu vilivyoandikwa kwa watu waliojifunza kusoma juzi, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kuondoa madimbwi. Shamba darasa nalo lilianzia Indonesia mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga na kufika magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1990, likiwa na utaratibu ule ule wa kikundi kimoja, shamba moja, msimu mzima, mkulima akitazama mmea wake na kutoa uamuzi wake. Babu zetu walijengewa vyoo na mazungumzo. Sisi tumepewa projekta na umeme umekatika.

Mgeni rasmi usimwache, ni kiongozi wetu na neno lake lina uzito kijijini. Mkaribishe vizuri, mpe kiti, mpe maji, halafu mpe ungo na mahindi achambue pamoja na wengine wakati anatoa hotuba. Hotuba itakuwa fupi na yenye faida. Fedha za bango, fulana na kofia zinunue maturubai. Jina la mfadhili likiwa lazima lionekane, liandikwe kwenye turubai, litaonekana kila msimu kwa watu wengi zaidi. Posho nayo iwe nauli ya kweli kwa anayetoka mbali na uji wa watoto waliobebwa mgongoni, maana mama hawezi kutikisa chupa huku mtoto analia njaa.

Waite na waume siku moja, au mwalike shemeji yule mwenye ufunguo wa ghala. Mama anaweza kuhitimu kwa alama zote akarudi nyumbani akakuta mahindi yameshapimwa na kuuzwa mabichi. Waume wale nao wang'ate punje, nao watikise chupa. Wanaume hupenda kubishana na kipimo, waachie wabishane nacho, chumvi haina upande.

Mwalimu awe nani? Mama mwenzao aliyefaulu msimu uliopita, afisa ugani akiwa pembeni kwa maswali magumu. Ukikosa huyo mama mwaka wa kwanza, mtafute kwenye kikundi hicho hicho kwa ajili ya mwaka wa pili. Anayeuliza maswali mengi kuliko wote ndiye.

Karatasi ya mahudhurio ijazwe, mhasibu ataidai, lakini isikudanganye kwamba kuna mtu amejifunza. Wala usiwape mtihani wa kuchagua jibu sahihi. Mavuno kwa kawaida ni Mei hadi Julai, hivyo anza na vikundi Aprili, kabla mahindi hayajaingia nyumbani, na maturubai yawe yameshafika. Kisha rudi Oktoba bila kupiga simu. Ingia nyumba kumi, salimia, omba kuona ghala. Uliza chupa iko wapi. Ukiletewa chupa yenye chumvi na mama akaanza kukusimulia alivyomkatalia mnunuzi, hapo umefundisha. Ukiambiwa chupa ilichukuliwa kuwekea mafuta ya taa, muulize mama kwa upole wapi palikuwa pagumu, andika anachosema neno kwa neno, na Aprili inayofuata uanzie hapo.