Elimuvazipepe: Mhadhara wa Kwanza

Mwanafunzi, keti, zima sauti ya simu, na uandike jina la taaluma hii kwa herufi kubwa: ELIMUVAZIPEPE. Wenzako wanaosoma sheria na ualimu hapo Iringa watakucheka. Waache. Wao wanasoma mambo yatakayopitwa na wakati. Wewe unasoma suruali isiyochakaa.

Fasili. Vazipepe ni nguo, kofia, mwavuli au mtindo wa kudemka wa yule mtu wa kuchorwa ndani ya gemu ya mtandaoni, ambao haumwongezei uhai, haumkingi na risasi, wala haumkingi mwenye simu na baridi ya Uyole ya mwezi Julai. Sharti la kutofaa kitu halina mjadala. Ndiyo maana skini, yaani mapambo, za bunduki za Free Fire, ambazo nyingi huongeza kasi au makali ya risasi, sisi tulio makini hatuzihesabu. Tunaziita vazipepe chotara. Atakayezichanganya na vazipepe safi atarudia mwaka.

Uwanja wetu wa utafiti ndiyo hiyo Free Fire, gemu ya kampuni ya Garena ya Singapore, iliyotoka 2017. Watu 50 hushuka kisiwani kwa miavuli, huuana kwa takriban dakika 10, kisha anabaki mmoja. Yote hayo hukubali kuingia kwenye simu ya bei ndogo, na kwa hiyo utaikuta Mwanjelwa ya Mbeya kwenye vibanda vya mafundi simu, na utaikuta Kihesa ya Iringa kwenye mageto ya wanachuo.

Usidhani vazipepe ni jambo la juzi. Kilomita kama 20 kutoka Iringa, barabara ya kwenda Mbeya, lipo korongo la Isimila, palipookotwa mashoka ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 200,000. Mengine ni makubwa kupita kiasi, yanazidi sentimita 30, na ukilishika moja unajiuliza mwenyewe alilitumia kukatia nini. Mwaka 1999 Marek Kohn na Steven Mithen waliandika kwamba mashoka ya namna hii huenda yalichongwa ili kumtambia mchumba. Wataalamu wengi hawakuafiki. Mimi niliafiki kabla sijafika ukurasa wa pili. Shoka la Isimila ni skini, na kilichokosekana pale korongoni ni bando tu.

Huko ughaibuni wamechelewa sana. Kofia za gemu ya Team Fortress 2 zilianza kuvaliwa 2009. Mwaka 2012 kampuni ya Valve, yenye gemu hiyo, ikamchukua Yanis Varoufakis, mchumi wa Ugiriki, achunguze masoko ya wachezaji wake. Aliitumikia kazi hiyo ya heshima kwa muda, kisha 2015 akashushwa cheo, akawa waziri wa fedha wa nchi yake.

Sasa tuingie kwenye moyo wa somo, yaani Kanuni ya Mnato. Kwenye soko la Valve mtu huuza kofia yake peke yake, soko likakata asilimia 15, na kila mmoja akaenda zake. Free Fire haitoi ruhusa hiyo. Vazi ulilokwisha kulipata limenata kwenye akaunti na halibanduki. Anayetaka kuuza koti hana budi kujiuza mzima: koti, cheo, marafiki, na lile jina la aibu alilojipa akiwa kidato cha pili. Tendo hili linaitwa uuzajinafsi. Masharti ya Garena yanalikataza, kwa hiyo mambo yakiharibika hakuna pa kushtaki, na utafiti unazidi kunoga.

Akaunti ziuzwazo ni za aina tatu.

Aina ya 1, Akaunti Mgeni. Haikuunganishwa na kitu chochote, inakaa ndani ya simu yenyewe. Huuzwa pamoja na simu, kama ng'ombe na kamba yake.

Aina ya 2, Akaunti Rejevu. Hii imefungwa kwenye Facebook ya muuzaji, na hapa pana utajiri wa elimu. Muuzaji anapokea hela, anatoa paswedi, anaaga vizuri. Halafu anaiambia Facebook kuwa amesahau paswedi, anatumiwa namba za uthibitisho kwenye laini yake ileile, na akaunti inarudi nyumbani. Usiridhike kuita jambo hili utapeli. Hilo ni neno la mtaani. Tofautisha 2(a), urejevu wa pupa, ambapo muuzaji hurudi usiku uleule, na 2(b), urejevu wa subira, ambapo humngoja mnunuzi ajaze daimondi, yaani fedha ya humo ndani ya gemu, na kununua nguo mpya ndipo arudi. Wa pili ana nidhamu ya hali ya juu. Kuna wanaopendekeza 2(c), muuzaji anayerudi, akaona nguo alizonunua mwenzake ni mbaya, akaondoka. Sijashawishika.

Aina ya 3, Akaunti ya Gmail, inayouzwa na barua pepe yake. Haina utata. Tuendelee.

Sikiliza mauziano haya kati ya Mbeya na Iringa, niliyoyanakili kwa idhini ya pande zote mbili. Mnunuzi yuko Miyomboni, amevaa majaketi mawili, chaji imebaki asilimia tisa.

"Kamwene, bro."

"Ugonile. Umeona mzigo?"

"Nimeuona. Sakura ipo. Ila laki na ishirini ni nyingi, fanya laki."

"Laki, weka na ya kutolea."

"Ya kutolea toa mwenyewe, kaka. Mimi mwanafunzi."

Sakura, kwa wasiojua, ni vazi lililokuja na Elite Pass ya kwanza mwaka 2018, na anayelivaa anatangaza kwamba alikuwepo zamani. Bei ya vazi hilo, ambalo halipo, ilikubaliwa kwa pumzi moja. Ya kutolea, ambayo ipo na kila wakala anaijua, iligombaniwa robo saa nzima. Kisha likaja suala la nani atangulie, hela au paswedi. Walikwama hapo mpaka akapatikana mdhamini, binamu wa muuzaji aliyesoma na mnunuzi, ambaye alishika hela kwa saa mbili na kula buku tano. Varoufakis hakumgusia huyu binamu popote. Ni pengo kubwa katika uchumi wa dunia.

Thamani hupimwa kwa mbwembwe. Mbwembwe ghafi ni jinsi vazi linavyong'aa. Mbwembwe halisi ni zile zinazobaki baada ya kutoa watu wasiokuangalia. Ni nani basi anayekuangalia? Wewe mwenyewe unaona mgongo wako tu, maana gemu hukuonyesha kwa nyuma. Maadui walio hai hawana nafasi ya kusifia koti, wanatafuta kichwa chako. Wenzako kwenye lobi wanakuona vizuri, lakini kwa sekunde chache. Anayebaki ni uliyemuua, ambaye akiamua hubaki kukutazama ukiendelea kucheza, hana la kufanya ila kuitathmini suruali yako kwa utulivu. Soko zima la vazipepe linasimama juu ya marehemu.

Bei nazo zina majira. Iringa hupanda bumu likitoka. Mbeya hufuata parachichi za Rungwe.

Linabaki suala gumu kuliko yote, la mtu anayevaa suruali iitwayo Angelic huku kifua wazi na miguu peku. Mkondo wa Mwanjelwa, ambao ni wa wafanyabiashara, unajumlisha vipande: suruali moja, hesabu moja. Mkondo wa Kihesa unashikilia kwamba kifua kitupu ni vazi kamili la pili, kwa kuwa kinaonyesha mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua shati akapuuza. Mkondo wa Mwanjelwa unajibu kuwa huenda daimondi zilimwishia. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na bado ninaandika juzuu la tatu.

Swali hili litakuwa la lazima kwenye mtihani. Majibu yasiyofika kurasa nane hayatasahihishwa, na atakayetaja bunduki hata mara moja ajue amefeli.