Namna ya Kugeuza Kihami Kuwa Metali Ukiwa Chitete

Kwanza, toa dhahabu akilini. Hapa hatugeuzi bati kuwa dhahabu, na akija mtu kudai anaweza, mkimbie hata kama amebeba mizani. Tunachogeuza ni fuwele nyeusi inayong'aa, ndogo kuliko punje ya ufuta, yenye kaboni na salfa kwa wingi na shaba kidogo. Ukiipoza sana, inakataa kupitisha umeme, yaani inakuwa kihami. Ukiibana ikiwa kwenye baridi ile ile, inapitisha kama metali. Huongezi atomu, hupunguzi atomu. Sijui maajabu mengi ya fizikia yanayolizidi hilo.

Fuwele yenyewe hainunuliki dukani, inaoteshwa. Molekuli yake inaitwa BEDT-TTF, na aina tunayoitaka, yenye shaba na klorini, ilielezwa mwaka 1990 na wakemia wa maabara ya Argonne, Marekani. Unayeyusha viungo, unatumbukiza nyaya mbili za platinamu, unapitisha umeme mdogo mno, kisha unasubiri kwa wiki kadhaa. Watoto wasiiguse meza.

Wakati unasubiri, panda gari uende Tunduma, uitazame foleni ya malori kwenye mpaka wa Zambia. Malori yapo, mafuta yapo, madereva wapo, ila hakuna linalosogea, kwa kuwa mbele ya kila lori kuna lori jingine. Ndivyo elektroni zilivyo ndani ya fuwele yetu. Kioo ni kihami kwa sababu hakina elektroni zilizo huru kusafiri. Kihami chetu kinazo, lakini zimekwama. Kila jozi ya molekuli imeshakaliwa na elektroni yake, na elektroni huchukiana, kwa hiyo hakuna inayothubutu kuhamia kwa jirani. Kihami cha namna hii hupewa jina la Nevill Mott, Mwingereza aliyepata Nobeli ya Fizikia mwaka 1977.

Mfano wa foleni tuuache hapo hapo, maana malori ukiyabana yanazidi kukwama. Fuwele ukiibana, molekuli zinasogeleana, na njia ya elektroni kutoka jozi moja hadi nyingine inakuwa nyepesi. Ikifika mahali wepesi huo ukaishinda ile chuki, zote zinaanza kutembea.

Ukiwa bado Tunduma, angalia tena malori. Baadhi yamebeba shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Chombo cha kubania fuwele hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na berili kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo ni mgumu na hausumbuliwi na sumaku.

Sasa heliamu, na hapa ndipo wilaya ya Momba, iliko Chitete yetu, inapoingia kwa kishindo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa Bonde la Rukwa lina heliamu nyingi ardhini. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa Itumbula, wilayani humo, kikaitoa gesi hiyo hadi juu. Katika jaribio letu heliamu inafanya kazi mbili. Ikiwa kimiminika inachemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, kwa hiyo ndiyo inayopoza. Ikiwa gesi ndani ya chombo, ndiyo inayobana, tena kwa usawa kila upande, jambo la lazima kwa fuwele laini kama hii. Natamani silinda za kwanza kutoka Rukwa zikianza safari ya bandarini, chache ziteremshwe Mbeya, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Barabara inapita huko huko, na mwanafunzi wa Chitete anastahili kuiona heliamu ya kwao ikifanya fizikia, siyo kusikia bei yake tu.

Bandika nyaya nne za dhahabu, nyembamba kuliko unywele: mbili za kuingiza na kutoa umeme, mbili za kupima volti. Poza polepole, ukiharakisha, fuwele inapasuka na wiki zako zimekwenda na maji. Ikifika nyuzi 243 chini ya sifuri, anza kuongeza mgandamizo. Almasi za Mwadui ziache, kubana kwa almasi ni kwa kazi nzito zaidi. Sisi tunatosheka na takriban mara 300 ya mgandamizo wa hewa, yaani kama mara mbili ya ule wa kilindi cha Ziwa Tanganyika.

Usibandue macho kwenye mita. Ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, hautashuka kidogo kidogo. Utaporomoka ghafla, ukipungua kwa mara nyingi sana, na kihami chako kimekuwa metali. Ukiendelea kupoza hadi kama nyuzi 260 chini ya sifuri, ukinzani unaisha kabisa.

Rudi kwenye nyuzi 243, ulegeze mgandamizo taratibu. Fuwele itarudi kuwa kihami, lakini kwenye mgandamizo mdogo kuliko ule iliogeukia. Andika namba zote mbili. Kisha pasha chombo kidogo kidogo na urudie: namba hizo zitakaribiana, hadi nyuzi 233 hivi chini ya sifuri zinapokutana. Timu ya Kazushi Kanoda wa Tokyo ilipima eneo hilo kwa makini na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Linganisha na yako.