Barua ya Wazi kwa Afisa wa Dirisha la Viza: Njoo Ukae Nasi

Mheshimiwa Afisa,

Shikamoo. Najua huenda nimekuzidi umri, lakini kwetu Singida mwenye ruhusa ya kumuuliza mtu mambo ya kitanda chake ni babu au bibi. Na kwa kuwa uliniuliza mbele ya foleni nzima mke wangu hulala upande gani, nimeona nikuamkie ipasavyo.

Nimepokea barua yenu kuhusu ombi langu la viza ya kumfuata mke wangu, anayefanya kazi huko kwenu. Imeandikwa vizuri, ina nembo, na ina sentensi moja tu ya maana: hamjaridhika kwamba ndoa yangu ni ya kweli. Nashukuru kwa kunifahamisha. Mimi nilidhani mambo yaliisha pale padri aliposoma majina yetu Jumapili tatu mfululizo, akimtaka mwenye pingamizi ajitokeze. Alijitokeza shangazi mmoja tu, naye alikuwa anadai kitenge. Ninyi hamkuonekana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inadai taarifa ya siku 21 kabla watu hawajaoana, na kifungu chake cha 160 kinawadhania mke na mume hata wale waliokaa pamoja miaka miwili huku jamii ikiwajua hivyo. Yaani sheria yetu inawaamini majirani. Ninyi mnaamini mswaki.

Maana uliniuliza mswaki wa mke wangu una rangi gani. Nikasema sikumbuki. Ukaandika. Kuhusu upande wa kulala nilikujibu kwamba kitanda chetu kimeegemea ukuta, na anayewahi kuamka ndiye hulala nje. Ukaandika. Ukataka jina kamili la mama mkwe, nikakujibu "Mama." Ukarudia, jina kamili. Mheshimiwa, jina lile niliwahi kuliona kwenye kitambulisho chake cha NIDA nikageuza macho. Ukaandika tena, safari hii kwa mistari miwili.

Halafu ile picha. Uliishika kwa vidole viwili, ukaigeuza nyuma kana kwamba furaha imeandikwa huko, ukauliza: "Mbona bibi harusi hacheki?" Acheke ana wazimu? Anaondoka kwao, mama yake analia jikoni, wajomba wanabishana idadi ya mbuzi, naye aonyeshe meno? Angecheka angesemwa mpaka siku ya kumuoza mjukuu wake. Mke wangu siku ile alinuna kwa nidhamu. Watu walimsifu. Mahari nayo mliitaka kwa uthibitisho wa maandishi, wakati hata TRA haijapeleka mashine ya risiti zizini.

Na kwa kuwa simu haivuki geti lenu, na mapenzi yetu yote yamo ndani ya simu, mliagiza tuchapishe meseji. Nikaenda stesheneri moja Singida mjini. Kijana hakuwa na nia mbaya. Printa ilikuwa inakwama, na kila ikikwama ilimbidi asome ukurasa kwa sauti ili ajue aendelee wapi. "Kaka, hapa pa 'nimekumisi mpaka mgongo unauma' pametoka mara mbili. Nitoe moja?" Nyuma yangu kulikuwa na wanafunzi waliokuja kuchapisha ripoti zao, na mzee mmoja aliyetaka kopi ya hati ya kiwanja. Wanafunzi waliinamisha vichwa. Mzee akanipa pole. Nikalipia kila ukurasa, nikaomba mapenzi yetu yatiwe jalada la plastiki, nikapanda basi alfajiri pale stendi ya Misuna, takriban kilomita 700 hadi Dar es Salaam. Dirishani ulikipokea kitabu kile, ukakipima mkononi kama muuza nyama, ukanirudishia bila kufungua hata ukurasa mmoja.

Sisi hatukuwahi kuwapima wageni hivyo. Januari 1875 Henry Morton Stanley alipita katika nchi ya Wanyaturu na msafara wake. Mwingereza mmoja aliyefuatana naye, kijana Edward Pocock, akaugua akafa, akazikwa huku huku. Siku chache baadaye msafara ukapigana na mababu zetu pale Vinyata, damu ikamwagika pande zote mbili. Hakuna aliyemtaka Stanley aonyeshe salio la benki wala tarehe ya kurudi kwao. Pocock hajarudi mpaka leo. Amepitiliza muda wa viza ambayo hakuiomba, na hatujamtuma mtu kwenda kumgongea.

Najua hamko peke yenu. Waingereza Aprili 2024 walipandisha kipato anachotakiwa kuwa nacho anayemwita mwenzi wake, kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka, kwa hiyo huko maskini anaruhusiwa kupenda ila asipende mbali. Wajerumani tangu 2007 wanataka mwenzi afaulu mtihani wa Kijerumani kabla hajapanda ndege. Mifupa ya mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, iliyochimbwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913, iliingia Berlin bila kujua hata salamu.

Sasa nina ombi. Naomba umtume afisa mmoja aje akae nyumbani kwetu kijijini, awe shahidi wa kudumu wa ndoa yangu.

Chumba kipo. Ni kile cha magunia ya alizeti, tutayasogeza. Atapewa kigoda chake na sahani yake. Siku ya kwanza atachinjiwa kuku, tena kuku wa Singida mwenyewe, yule mnayemtafuta mkiwa Dar mkauziwa jina. Siku ya pili ugali wa uwele na mlenda. Siku ya tatu jembe, kama ilivyo ada. Kazi yake hasa itaanza usiku. Mtandao hapa nyumbani hakuna. Upo juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, na juu ya jiwe lenyewe upo upande wa mashariki tu, tena usimame. Tutapanda naye. Yeye atashika tochi na daftari, mimi simu. Mke wangu akitoka zamu ya wodini atapiga. Afisa aandike: mume ameuliza umekula nini, mke amesema mkate, mume amesikitika. Aandike: wamenyamaza, bando linaliwa, hakuna aliyekata. Mke wangu ana tabia ya kupiga mswaki huku anaongea, kwa hiyo ile rangi tutaijua sote siku hiyo hiyo. Upepo ukimpokonya karatasi, na wa kwetu utampokonya, asikimbie gizani, kuna miba. Amuulize mama mkubwa asubuhi. Yeye hukaa chini ya jiwe kila usiku akisingizia kutafuta mbuzi, na anayo yote kichwani.

Jumapili wazee watamkalisha naye wamhoji kidogo. Yeye na serikali yake walikutana wapi? Anaipenda kweli, au ameifuata kwa ajili ya mshahara? Wana picha za pamoja? Waziri wake hulala upande gani? Asipojua asiwe na wasiwasi, wataandika tu.

Maombi mengine ni madogo. Wekeni benchi kivulini nje ya geti. Ada mkiila, risiti iseme mmeila. Na vyeti halisi vya watu msivitoboe kwa pini.

Mke wangu alisafiri mimba ikiwa changa, mtoto akazaliwa huko kwenu. Ananijua kama kitu kinachoisha chaji. Akiambiwa aongee na baba huipapasa simu hata ikiwa imezimwa. Mkunga alikuwa wenu, hospitali yenu, cheti chenu, jina langu limeandikwa pale kwenye nafasi ya baba na kupigwa mhuri wenu, kisha mnaniita dirishani kuniuliza kama mama yake namjua! Mnataka ushahidi gani tena? Mna roho gani ninyi? Mke wangu anawageuza wagonjwa wenu vitandani usiku kucha, anawaosha wazazi wenu, na kwa hilo hamjawahi kumtilia shaka hata siku moja.

Samahani, Mheshimiwa. Nimeandika kwenye ile sehemu ya fomu iliyoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu."

Turudi kwa afisa. Ashuke Misuna, nitampokea. Kama anakuja Juni au Julai abebe sweta. Bando aje nalo mwenyewe. Ripoti ajaze kwa herufi kubwa na wino mweusi, bila kufutafuta, kama mnavyotuagiza sisi. Na kama atakuwa bado hajaridhika, asione haya kuongeza muda. Magugu yapo ya kutosha.

Wako mtiifu,

Mume wa mtu,
Singida.