Sifa za Mchwa katika Nyumba ya Kambo

Mchwa ni mdudu mdogo, laini, mwenye rangi ya uji, asiyeona. Huishi chini ya sakafu na kula kilicho juu yake. Likasi, mji wa shaba wa Haut-Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hauna nyumba kuukuu ya familia isiyomfahamu, wala familia inayomtaja kwa wema. Warithi wanaorudi kutengeneza nyumba ya kambo, yaani ya babu, humkuta ameshatangulia. Fundi humtukana tangu asubuhi hadi saa ya bukari, yaani ugali, na mama wa nyumba humwekea kopo la mafuta machafu ya injini nyuma ya mlango. Chuki hiyo ni ya kutomjua. Mwenendo wake ukifuatwa hatua kwa hatua, itaonekana kwamba nyumba ya kambo haijapata mtumishi mwaminifu kumshinda, wala mdai mpole kama yeye.

Ukoo wake ni wa kale. Kwa muda mrefu wataalamu wa wadudu walimtengea oda yake peke yake, kama chifu anavyotengewa kiti. Mwaka 2007 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba yeye ni wa jamii ya mende, na tangu hapo huandikwa pamoja nao. Mwingine angeona aibu. Mchwa aliendelea na ubao aliokuwa ameuanza.

Kuhusu haki ya kukaa, hakuna wa kushindana naye. Vichuguu vikubwa vya Haut-Katanga, vinavyojengwa hasa na aina iitwayo Macrotermes falciger, hufikia kimo cha mita 8 na upana wa zaidi ya mita 14, na porini huhesabiwa karibu 3 kwa kila hekta. Vipimo vya kaboni vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kwamba kimoja kati ya vichuguu vya misitu ya miombo ya Katanga kina zaidi ya miaka 2,000. Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mji uliokua kando ya migodi yake uliitwa Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, na ulirudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ikatamka kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Leta, yaani serikali. Kwa hiyo mwenye parseli, yaani kiwanja, anayelalamika kwamba mchwa wamemvamia ana karatasi ya miaka michache, Leta ina sheria ya miaka hamsini na ushee, na mchwa ana kichuguu. Hakimu mwenye akili angeanza kwa kuuliza nani alimkuta nani.

Hata hivyo, umri ni hoja ndogo. Hoja kubwa ni matofali.

Udongo wa kawaida wa Katanga ni mwekundu, na mara nyingi umejaa changarawe. Mchwa hupanda na kushuka usiku kucha, vizazi kwa vizazi, akichagua chembe ndogo ndogo za mfinyanzi kutoka chini, akiziloweka kwa mate na kuzipandisha juu moja moja. Mawe huyaacha yalipo, kwa kuwa hayaingii mdomoni. Matokeo yake ni kilima cha udongo safi uliochekechwa bila chekecheo na bila mshahara. Binadamu aligundua zamani kwamba kazi ya kutafuta udongo mzuri imekwisha kufanywa. Wafua shaba wa Katanga, kabla ya Mzungu yeyote kufika, walijengea tanuri zao udongo wa kichuguu, na ndani yake malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, ikageuka shaba. Wapiga matofali waliowafuata walisimamisha tanuri zao ubavuni mwa kichuguu, wakakikata kama mkate hadi kikabaki shimo. Ndivyo inavyofanyika hadi leo pembezoni mwa miji ya Katanga: palipo na rundo la matofali yanayofuka moshi, pana kichuguu kinachopungua.

Hapo ndipo hesabu ya kweli inapaswa kufanywa, nayo haifanywi kamwe mbele ya fundi. Nyumba ya matofali ya kuchoma ni kichuguu kilichokatwa vipande na kupangwa upya, chenye madirisha. Kuta ni za mchwa. Amezikopesha bila riba, bila dhamana, na hajawahi kumtuma mtu kudai. Anachochukua ni mbao tu, tena kidogo kidogo: fremu ya mlango mwaka huu, kona ya kabati mwaka ujao, na mbao za paa, ambazo mafundi wa Likasi huziita sharpanti, kwa mpango wa muda mrefu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Walikuwa wanamzungumzia mkata kuni, lakini mchwa ndiye aliyeutekeleza msemo huo kikamilifu. Benki gani ingeridhika na masharti hayo?

Sifa inayofuata ni ukaguzi. Familia nyingi za Likasi zilianza maisha katika nyumba za kampuni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vijana wa mkataba wa miezi michache, ikaanza kumtuliza mfanyakazi pamoja na mke na watoto wake katika kambi za matofali. Aliyeajiriwa katika viwanda vya Panda au Shituru mjini humo alipewa nyumba, posho ya unga, shule na zahanati. Rangi ilipochakaa, mpaka rangi wa kampuni alikuja. Bawaba ilipolegea, seremala wa kampuni alikuja. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines, na mazoea yakaendelea kwa muda. Miaka ya 1990 mazoea yalikufa pamoja na uzalishaji wa shaba. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa hiari, neno ambalo wazee wa Likasi bado hulitamka taratibu. Mpaka rangi hakuja tena. Seremala hakuja tena. Mkaguzi mmoja tu hakukosa zamu hata usiku mmoja.

Ukaguzi wake una kanuni. Mchwa hukauka upesi, kwa hiyo hufuata unyevu. Anapojenga kijia chake cha udongo ukutani, chembamba kama kamba ya kiatu, huwa anaelekea mahali ambapo maji yanavuja: chini ya bomba la jikoni, kwenye kona ambapo lata, yaani bati la paa, limetoboka, nyuma ya choo. Mrithi aliyekuja na daftari na kalamu anaweza kuzunguka nyumba siku mbili bila kuona kasoro zote; kijia cha mchwa kinamwonyesha kwa dakika moja. Tena mkaguzi huyu ana adabu. Huula ubao kutoka ndani na kuacha ngozi ya rangi juu, ili familia isisumbuke kabla ya wakati. Fremu inabaki nzuri, ya kijani kibichi au ya kahawia kama kambo alivyoichagua, na siku shangazi anapoiegemea akisimulia habari za zamani ndipo ripoti inapowasilishwa.

Mafundi wamejifunza kuisoma ripoti hiyo mapema. Hugonga ubao kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Ubao uliokaguliwa hujibu kama boksi tupu. Kutoka hapo utaratibu wa kutengeneza nyumba hujipanga wenyewe: paa kwanza, kisha mabomba, kisha fremu, na rangi mwisho kabisa. Mrithi anayeanza na rangi, na wapo wengi wanaotaka picha nzuri ya kuwatumia ndugu walioko Lubumbashi au Ubelgiji, hurudishwa darasani baada ya mvua mbili.

Katika elimu ya mbao mchwa ni mwalimu asiyehongwa. Kiini cha mulombwa, mti ambao Tanzania huitwa mninga, humkinaisha, msonobari humfurahisha, mkaratusi hutegemea umri na sehemu iliyopasuliwa. Muuza mbao anaweza kuapa kwa jina la mama yake kwamba mzigo wote ni mulombwa, hata kama nusu yake ni mbao changa za pembeni, nyeupe, zisizo na uchungu wa kiini. Mnunuzi hana kipimo. Mchwa anacho, na hutoa cheti bure: kinacholiwa hakikuwa mulombwa.

Wapo wanaojidai kumshinda kwa kuweka milango na fremu za chuma. Ni kweli kwamba mchwa hali chuma. Ila katika mji ambao kilo ya chuma chakavu ina bei inayojulikana hata na watoto, mlango wa chuma hupendwa na wadudu wa aina nyingine, wenye miguu miwili na mkokoteni. Mlango wa mbao ulioliwa nusu haujawahi kuibwa na mtu.

Kuhusu karatasi, sifa za mchwa zinahitaji uangalifu. Karatasi kwake ni mti uliokwisha kupikwa, na boksi la nyaraka chini ya kitanda cha kambo ni karamu: risiti za mishahara, barua za kampuni, picha za ubatizo, mkataba wa kununua nyumba. Wakosoaji humshutumu kwa uharibifu. Lakini nyaraka hizo zinapokuwa salama, kila mtoto hushika nakala yake na wakili wake, na nyumba hukaa imefungwa miaka kumi. Zinapokuwa vumbi, watu hulazimika kuketi chini ya mwembe na kukumbuka kwa pamoja. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 huwapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na robo moja huenda kwa mjane, wazazi na ndugu. Lakini haisemi nani atalala katika chumba cha mbele. Jambo hilo huamuliwa na mchwa, kwa kuwa chumba ambacho dari yake imeanguka hakigombewi.

Zipo nyumba ambazo karatasi zake si za kutaniwa. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, wakalala kwa wiki na miezi penye kituo cha reli wakingoja treni. Nyumba zao zikabadilisha wenyeji. Katika hayo mchwa hana sifa wala lawama. Waliofanya walikuwa watu, tena wenye macho.

Baada ya kutengeneza huja kukaa, na kukaa katika nyumba ya kambo ni kukaa naye. Dawa zinazotumika ni nyingi. Mafuta machafu ya injini hupakwa kwenye miguu ya kitanda na ncha za mbao. Hunuka miezi mitatu na kutia weusi kila nguo inayopita karibu. Majivu hunyunyizwa kando ya msingi, mvua huyaondoa. Dawa za dukani hufanya kazi kwa kadiri zilivyochanganywa na maji kabla ya kuuzwa. Dawa ya kweli, wazee husema, ni kumchimba malkia. Yeye hukaa katika chumba cha udongo mgumu kama tofali, mnene kama kidole gumba au zaidi, mfalme akiwa ubavuni mwake, akitaga mayai maelfu kwa siku, na huweza kufanya hivyo kwa miaka mingi. Akitolewa, kundi hudhoofika. Tatizo ni la kidiplomasia: wafanyakazi wake husafiri makumi ya mita kutafuta chakula, na mara nyingi ikulu iko katika parseli ya jirani, chini ya jiko lake. Kwa hiyo mtu aliyehamia juzi hulazimika kwenda kumsalimu jirani, kuulizia watoto, kukaa, kunywa kitu, na kurudi mara ya pili, kabla ya kutaja jembe. Urafiki mwingi wa mitaa ya Kikula, mjini Likasi, ungekosa sababu kama mchwa wangeheshimu seng'enge.

Inabaki kusema juu ya chakula, maana hata anayemchukia humla. Macrotermes hawezi kuimeng'enya miti peke yake; hulima kuvu chini ya ardhi juu ya vitalu vya mbao zilizotafunwa, naye huishi kwa kuvu hiyo. Mvua zikishika, kuvu huchipuka nje kuwa uyoga. Mmoja wao, Termitomyces titanicus, uliopewa jina la kitaalamu mwaka 1980 kutokana na sampuli za Zambia, huweza kutandaza kofia ya karibu mita nzima, nao hutoka pia katika miombo ya Katanga. Fremu ya mlango wa kambo kwa njia hii hurudi mezani, imeungwa kwa karanga, baada ya kupita mikono mingi isiyoonekana.

Na kabla ya uyoga huja kumbikumbi. Katika mvua za kwanza za Oktoba au Novemba, jioni yenye joto ambayo umeme umekatika kama kawaida, hutoka chini ya ukuta kwa maelfu, wakiwa na mabawa na macho, kizazi pekee cha mchwa kinachouona mji. Familia huzima taa zote, huweka moja tu juu ya beseni la maji barazani, na watoto hukaa kando na vikapu. Asubuhi huliwa wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, na waliobaki huanikwa juu ya lata jipya ambalo fundi alimaliza kulipigilia wiki iliyopita. Wale walioliepuka beseni huangusha mabawa yao sebuleni, hujipanga wawili wawili, dume nyuma ya jike, na kutembea kando ya ukuta wakitafuta ufa kwenye msingi.