Ombi la Kuhesabiwa Kuwa Miavuli

Mheshimiwa Meneja wa Kanda,
Kampuni yetu pendwa ya simu,
Ghorofa ya juu, kwenye vioo,
Dar es Salaam.

YAH: MAWAKALA WA MBAGALA RANGI TATU KUHESABIWA KUWA MIAVULI

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Kwanza tunaupongeza mwavuli. Katika dhoruba ya juzi, ile iliyotanguliza vumbi, ikafuatisha makaratasi, kisha ikaleta bati zima la kibanda cha chipsi, mwavuli wako ulinusurika. Taarifa hiyo unayo tayari, maana supavaiza alipiga simu mvua ikiwa bado inamwagika na swali lake la kwanza lilikuwa kama mwavuli uko salama. La pili lilihusu meza. La tatu hatukulisikia. Tunaamini salio lilimwishia.

Sisi tunaoshinda chini ya mwavuli huo tunaijua kazi yake. Ni wa jua na wa matangazo. Mvua ya masika ikinyesha taratibu, maji yanapenya kwenye mishono. Ikija na upepo, inatupiga ubavuni, kwa hiyo kinachobaki kikavu ni nembo tu. Nguzo yake ni ya chuma, imesimikwa kwenye ndoo ya rangi iliyojazwa zege, mahali peupe pasipo mti wala nyumba ya jirani. Mtoto wa shule ya msingi anajua radi inapenda nini: kitu kirefu kilichosimama peke yake. Anajua na kuhesabu, kwamba ukiona umeme, ngurumo ikafika baada ya sekunde 3, basi imepiga kama kilometa 1 kutoka ulipo. Sisi pia tunahesabu, Mheshimiwa. Tunahesabu huku tumekikumbatia hicho chuma kwa mikono miwili, kwa sababu mwavuli ukiruka tunakatwa. Bei yake inatolewa kwenye kamisheni ya mwezi, kimya kimya, na ukiuliza unaambiwa ulisaini.

Na usidhani tunaukumbatia tukiwa peke yetu. Dhoruba ikianza, Mbagala nzima inagundua kwamba ina wakala. Anaingia mama wa maandazi na beseni lake, wanaingia bodaboda na helmeti zao, wanafunzi wenye madaftari chini ya sweta, na bwana mmoja aliyebeba televisheni akiwa ameifunga kwa shuka. Hakuna anayeweka wala anayetoa. Baada ya muda mrefu mmoja anauliza, kwa adabu tu, kama tunatoa laki. Mtandao umekwenda na umeme. Floti imekwama kwenye simu iliyolowa, keshi iko ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko uko mahali ambapo heshima hairuhusu kupataja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hatuwalaumu. Wao kazi yao wanaifanya: wanatoa angalizo, mambo yakizidi wanatoa tahadhari, yakichafuka zaidi inakuwa tahadhari kubwa. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia walitangaza mapema, boti za Unguja zikasimama. Ofisi yako nayo ilitutumia ujumbe siku hizo. Ulikuwa malengo ya wikiendi.

Ndiyo maana, baada ya kutafakari kwa kina, tunaomba tuhamishwe kutoka kundi la mawakala kwenda kundi la miavuli. Si mzaha. Tumeyachunguza maisha ya mwavuli katika kampuni hii na tumeyaona ni mazuri.

Mwavuli una namba, imeandikwa ndani ya nguzo kwa wino usiofutika na kunakiliwa kwenye daftari la mali makao makuu. Sisi namba mnayotujua kwayo ni ya laini. Siku laini ikifungwa, hatujawahi kuzaliwa. Tuandikeni basi shingoni, chini ya nywele, wino tutauvumilia.

Mwavuli unapigwa picha kila mwanzo wa mwezi, mbele na nyuma, na picha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp ili supavaiza ajiridhishe kwamba haujachanika. Sisi tulipigwa picha na kampuni siku ya uzinduzi. Tulikatwa vichwa ili nembo ikae katikati.

Mwavuli una mfuko wake wa turubai wa kulalia, wenye zipu. Zipu, Mheshimiwa! Tumeujaribu. Wembamba wanaenea hadi kwapani, wanene hadi kiunoni, na wote tumekubaliana kwamba ndani yake hakupiti tone. Ukitengeneza saizi kubwa kidogo, dhoruba ikija kila mmoja atajiingiza, atafunga zipu, atalala pembeni ya meza akisubiri, na mama wa maandazi atatusaidia kutusogeza yakipita maji ya mtaro.

Zaidi ya yote, mwavuli una waraka. Kila Machi, kabla masika hayajakolea, waraka unatoka makao makuu ukisema kwamba upepo ukizidi, mwavuli ukunjwe mara moja na kupelekwa mahali pakavu ili usiharibike. Tumeusoma waraka huo mpaka nyuma ya karatasi. Hausemi aliyeukunja aende wapi. Hatuombi uandikwe waraka mwingine, tunajua gharama za uchapaji. Libaki neno lile lile la mwavuli, sisi tuingizwe ndani yake. Kukunjwa hatuhitaji mafunzo, tumezoea.

Na ukichanika, mwavuli unarudishwa stoo, unasainiwa, unaletwa mwingine. Mwenzetu aliyepigwa na bati begani masika yaliyopita alijitibu kwa mchango wa kijiwe. Kwenye kundi mliandika "pole sana familia," mkaweka viganja viwili vya kuomba dua, na chini yake, kabla hata hatujaitikia, mkabandika jedwali la nani hajafikisha malengo. Jina lake lilikuwemo.

Familia gani hiyo? Tukisajili laini, familia. Tukivaa fulana zenu na kuimba kwenye promosheni, familia. Radi ikipiga, ghafla sisi ni washirika huru wa kibiashara, kifungu kipo, na ile Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 mnatuambia inawahusu waajiriwa, basi. Tangu mwaka 2008, pesa za simu zilipoingia nchini, nani aliyemshika mkono bibi asiyejua kusoma akamwonyesha pa kubonyeza? Nani aliyetukanwa na wateja Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza, kana kwamba tulizipitisha sisi bungeni? Mliokuwa ghorofani hamkutukanwa. Hamlowi. Dhoruba mnaitazama kupitia kioo, na mkiiona nzuri mnairekodi.

Tuwie radhi, Mheshimiwa. Maji yameingia kwenye kalamu.

Maombi mengine ni madogo madogo. Dhoruba nazo zipangiwe malengo ya mwezi, labda zitachoka. Radi ielekezwe kwa washindani wako, miavuli yao ni mikubwa zaidi. Yule dada wa kwenye tangazo, anayecheka juu ya mwavuli na nywele zake kavu, aje akae nasi alasiri moja ya Aprili. Tungependa pia ruhusa ya kukunja meza na kukimbilia kwenye paa la sheli bila kukatwa, ila hilo tunafahamu ni anasa, na hatutaki kuonekana watu wa tamaa.

Ukiridhia, tunashauri zoezi la kutuhamisha likamilike kabla ya mvua za vuli. Ili kukupunguzia kazi, tumechukua fomu ileile ya kupokelea mwavuli na kuijaza kwa niaba ya kila mmoja wetu. Penye aina ya kifaa tumeandika majina. Penye tarehe ya kununuliwa tumeacha mstari. Penye hali ya kifaa tumejaza: kitambaa kimepauka, mishono inavuja, nguzo imepinda kidogo, bado kinafanya kazi. Imebaki sahihi yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mawakala wa Mbagala Rangi Tatu

Nakala: Supavaiza. Tafadhali thibitisha umeipokea. Mwavuli hatujambo.