Heri za Mwaka Mpya, Mara Tano

Kwa Hazina ya Kitaifa na Bunge,
Nairobi.

Wakuu wangu,

Mimi ni karani wa shule ndogo ya kibinafsi hapa Matiliku, Makueni. Nalipa watu tisa, na wa tisa ni mimi. Naandika kuwapongeza. Wengine duniani wana Mwaka Mpya mmoja. Ninyi mmetujalia mitano.

Januari huanza mwaka wa kodi, nami huandaa hati za mishahara kwa moyo mweupe. Februari huingia mwaka wa NSSF: tangu 2023, kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kimepanda kutoka 18,000 hadi 36,000, kisha 72,000, na sasa 108,000. Julai ni Mwaka Mpya wa Sheria ya Fedha. Hata 2024, mswada wake ulipoondolewa vijana wakiwa barabarani, bado niliiamkia Julai mosi kwa woga. Oktoba mwaka huo mkaleta SHIF ya bima ya afya badala ya NHIF, asilimia 2.75. Kisha Desemba 27, karani mwenye akili timamu akiwa bado anatafuna mbuzi wa Krismasi, mkaanzisha hesabu nyingine: SHIF na ushuru wa nyumba vitolewe kwanza, ndipo kodi ihesabiwe. Ni nafuu, nakiri. Lakini Desemba 27?

Ushuru wa nyumba sikuuhesabu kwenye hiyo mitano, maana wenyewe haujulikani unakuja au unaondoka. Julai 2023 niliuongezea safu. Januari 2024 korti ikauzima, nikaifuta. Machi 19 ukarudi na sheria yake mkononi. Siku hizi sifuti safu, naificha tu.

Bawabu wetu hulipwa 15,000. Mwanzoni mwa 2023 alikatwa 800: mia mbili za NSSF, mia sita za NHIF. Leo ni 1,537.50, na hiyo bila PAYE, kwani kwa hesabu zenu mshahara wake ni mdogo mno kutozwa kodi. Nilipomsomea, zile elfu na ushee alizipokea kimya. Alichokataa ni nusu shilingi. "Karani, hiyo sumni serikali itaipata wapi? Mimi mara ya mwisho kuiona nilikuwa na meno yote."

Kuna na hili la theluthi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Mwalimu mmoja hapa alikopa kwenye sacco hadi ukingoni kabisa, kwa makato ya siku ile. Kila Mwaka Mpya wenu ukiingia unamsukuma nje, nami nabaki nimeshika sheria mbili: moja yaniamuru nikate, nyingine yanikataza. Nielezeni tu ipi ina faini nafuu.

Ombi langu ni tarehe moja. Hapa kwetu hata embe, ambazo hazina waziri wala tume, huiva kwa msimu, na wazazi wakishauza ndipo karo hulipwa. Mkipenda, mwaka wa kodi uanzie hapo, tukiwa na pesa. Ikishindikana, basi zile siku zote tano zitangazwe sikukuu, makarani tulale.

Mishahara ya Februari naifunga jioni hii. Nitajikata mwisho, kama kawaida.

Ni mimi,
Karani, Matiliku.

Nyongeza: Bawabu anauliza kama anaweza kutoa shilingi nzima, kisha mumrudishie chenji.